Nani Amesema Mama wa Omena Halipi Ushuru? Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha na Kamati ya Fedha ya Bunge

Kisumu, Agosti 2025

Mheshimiwa Waziri wa Hazina ya Taifa, na Waheshimiwa wanachama wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa katika Bunge la Taifa,

Nina saiba ndogo hapa Kondele. Kompyuta nne, printa moja inayokwaruza, na feni ambayo mwezi wa pili haitoshi. Huwa nachapisha barua za kuomba kazi na picha za pasipoti kama wenzangu wote, lakini kinachonilisha ni mwezi wa Juni. Kuanzia wiki ya kwanza hadi usiku wa tarehe 30, foleni hutoka mlangoni ikafika kwa muuza mahindi choma, kila mtu na PIN yake, namba ya mlipa ushuru, kwenye kipande cha karatasi, wakitaka niwajazie fomu za KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Muuguzi huja, mlinzi wa usiku huja, landilodi huja na kofia imeshushwa usoni, mwenye duka huja na daftari lililolowa mafuta ya kupikia. Nimeona mapato ya watu wa Kisumu kuliko kasisi alivyosikia dhambi zao.

Kwa hiyo bajeti inapokaribia na nikasikia kwenye redio kwamba watu wa jua kali hawalipi ushuru, kwamba mzigo wote umebebwa na wachache wenye mishahara, nusu ya maneno hayo nayakubali. Nusu ile nyingine ndiyo imenikalisha niandike.

Julai hii, siku chache baada ya foleni kuisha, alikuja mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye. Tunamwita Nyar Uyoma kwa sababu ndiko kwao. Yeye huniita wuoda, mwanangu, hasa akitaka nimpunguzie. PIN aliipata mwaka jana chama chao kilipofungua akaunti ya benki. Nikaiingiza. Ukurasa ukafunguka na faini ya shilingi 2,000 kwa kuchelewa kuwasilisha fomu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kupata PIN ni kama kufunga ndoa, lazima kila mwaka uonekane. Akaangalia kioo cha kompyuta, akaniangalia mimi.

“Wuoda, yaani nadaiwa kwa kutosema kwamba sidaiwi?”

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Elfu mbili kwake ni faida ya siku kadhaa, ukiondoa siku za mbalamwezi ambapo omena haivuliki vizuri na bei ya gunia inapanda. Kwa mapato yake, ushuru wa mapato anaodaiwa ni sufuri. Faini ya kutoandika hiyo sufuri ni ile ile angelipa mtu wa Milimani mwenye magari matatu ambaye naye hakuwa na ushuru uliobaki wa kulipa.

Lakini ngoja nimfuate huyu mama kwa siku moja tu, maana hapo ndipo ile hadithi ya “hawalipi” inaponitatiza. Alfajiri hupanda matatu kwenda ufuoni, akirudi hulipa nauli mbili, yake na ya gunia. Ndani ya nauli kuna mafuta. Ndani ya mafuta kuna VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ya asilimia 16, ambayo ilikuwa 8 hadi mlipoipandisha Julai 2023. Kuna ada ya matengenezo ya barabara ya shilingi 25 kwa lita, iliyokuwa 18 hadi Julai 2024. Na bado hatujagusa ushuru wa bidhaa na tozo nyingine ndogondogo. Mwenye matatu hamfafanulii abiria hayo yote. Anasema tu nauli imepanda. Akifika sokoni mama hukata tiketi ya siku, auze asiuze. Anayemdai humtumia pesa kwa simu, naye humtumia mwenye gunia kwa simu, na kila ada ya kutuma ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 15. Anayetuma mia mbili mara kumi hulipa ada mara kumi. Mwenye elfu mbili mkononi hutuma mara moja. Jioni hununua sabuni ya kipande, sukari ya robo, mafuta ya kupima. VAT, VAT, VAT. Unga wa mahindi na mkate vimeepuka, na nawashukuru kwa hilo, ingawa sote tunakumbuka kwamba mkate uliponea chupuchupu Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipotaka kuutoza VAT, na tunakumbuka vijana walioandamana walilipa nini hata muswada ule ukaondolewa tarehe 26.

Mtaniambia asilimia 16 ni asilimia 16 kwa kila mtu, na sabuni haiulizi nani anaoga. Ni kweli, na ndiyo shida yenyewe. Nyar Uyoma hutumia karibu kila shilingi anayoipata, kwa hiyo karibu kila shilingi yake hupita mbele ya mtoza ushuru. Yule wa Milimani hubakiza. Akichukua kilichobaki akanunua hati za dhamana za miundombinu, serikali humlipa riba na haimtozi ushuru kwa riba hiyo hata ndururu. Akinunua hisa kwenye soko la Nairobi akaziuza kwa faida, faida ile haiguswi na ushuru wa faida ya mtaji. Sina ugomvi na anayewekeza. Nasema tu msimwite huyu mlipa ushuru na yule mama mkwepaji.

Na kuna jambo la mafuta ya taa ambalo sijawahi kulisahau, kwa sababu nililelewa kwa koroboi. Mwaka 2018 iliwekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kuna wafanyabiashara wanaoyachanganya na dizeli ili wapate faida. Sawa, wapo. Lakini mchanganyaji ni mwenye lori na tangi. Aliyetozwa ni mwenye koroboi na chupa ya soda anayonunulia mafuta ya ishirini. Mwizi aliiba kwa jirani, tukachapwa sisi.

Sasa nije kwa wenye mishahara, maana nao wamelia sana mezani pangu, na wana haki ya kulia. Mwaka huu nilikuwa na pesilipu ya karani wa kampuni moja ya uchukuzi, mshahara shilingi 72,000. Ukiondoa akiba ya uzeeni ya NSSF 4,320, bima ya afya ya SHIF 1,980 na ushuru wa nyumba 1,080, halafu PAYE, ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara, 11,769, anapeleka nyumbani 52,851. (Jina la ushuru huo wa nyumba lenyewe ni kioja. Kwa mpangaji wa Kisumu kodi ya nyumba ni ile ya landilodi tarehe 5. Mlipoongeza ya pili, watu wawili tofauti waliniuliza kama sasa watapewa risiti ya kuonyesha landilodi.)

Siku hiyo hiyo, kiti kile kile, alikaa landilodi mwenye vyumba kumi na viwili Nyalenda, kila kimoja shilingi 6,000. Zidisheni: ni 72,000 zile zile. Ushuru wake wa kodi za nyumba ulikuwa asilimia 10 hadi mwisho wa 2023. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Kwa mwezi ni shilingi 5,400. Karani, kwa pesa ile ile, PAYE pekee 11,769. Nitakuwa mkweli: landilodi haruhusiwi kutoa gharama za paa lililovuja wala choo kilichojaa, anatozwa kwenye jumla. Hata hivyo sijui ni kwa mantiki gani jasho la kuamka saa kumi na moja litozwe mara mbili ya jasho la ukuta.

Na hapo nimemzungumzia landilodi anayelipa. Kuna mwingine, sitasema wa mtaa gani, ambaye miaka miwili mfululizo nilimjazia fomu ya sufuri, na vyumba vyake nilivijua kwa sababu binamu yangu alipanga kimoja. Nilichukua shilingi 200 zangu nikanyamaza. Mwaka wa tatu nilimwambia aende saiba nyingine, akaenda, na bila shaka akapata. Sijivunii. Nalisema kwa sababu nikiwaandikia kuhusu haki bila kutaja mkono wangu mwenyewe, mtakuwa na sababu ya kuitupa barua hii. Wakwepaji wapo, Waheshimiwa. Lakini wale niliowaona mimi wakikwepa pesa za maana walikuwa na ploti, na fomu ya sufuri waliyoijaza ilikuwa nyeupe kama ya Nyar Uyoma, isipokuwa hawakupigwa faini kwa sababu walijua tarehe.

Pesilipu ya yule karani inaonyesha jambo jingine, na hili ningependa Kamati ilikalie siku nzima kama itawezekana. Ngazi yenu ya PAYE ina vipago vitano. Shilingi 24,000 za kwanza ni asilimia 10. Zinazofuata hadi 32,333 ni asilimia 25. Kutoka hapo ni asilimia 30, na kipago hicho kinaenda, kinaenda, hadi shilingi 500,000. Ndipo mnapopanda 32.5 hadi 800,000, kisha 35. Yaani mtu akipita elfu thelathini na mbili tu, pesa ambayo Kisumu hii ukishalipa kodi ya chumba na karo inaishia katikati ya mwezi, shilingi yake ya mwisho inatozwa sawasawa na ya mtu anayelipwa laki nne na tisini. Huwezi kuita hiyo ngazi. Ukiiweka kwenye mti wa mwembe, mtoto atafika nusu ya kwanza kwa hatua mbili, halafu akute shina tupu.

Pandisheni mwanzo wa asilimia 30. Katikati ya 32,333 na 500,000 wekeni vipago viwili au vitatu vya kweli. Mnajua kuhesabu kuliko mimi.

Kwa mwenye duka hali ni ya ajabu zaidi, na sijui kama waliotunga sheria waliwahi kushika daftari la duka. Ushuru wa mauzo ulikuwa asilimia 1. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3, kwa anayeuza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Chukueni duka la Manyatta linalouza shilingi 5,000 kwa siku, siku 300. Mauzo ya mwaka ni milioni 1.5. Ushuru wa asilimia 3 ni 45,000. Lakini sukari na unga havina faida. Tuseme kwa kila shilingi mia anabaki na nane. Faida yake ya mwaka mzima ni 120,000, elfu kumi kwa mwezi. Amechukuliwa 45,000 kati ya hizo. Hiyo ni asilimia 37.5 ya faida, zaidi ya kile kiwango cha juu kabisa cha asilimia 35 anachotozwa mwenye mshahara unaovuka laki nane kwa mwezi!

Na mtu huyo huyo akitozwa kwa faida badala ya mauzo, kwa faida ya 120,000 na ile nafuu ya kila mtu ya shilingi 28,800 kwa mwaka, angedaiwa sufuri. Najua sheria inamruhusu aandike barua akatae ushuru wa mauzo. Lakini akishakataa lazima aweke vitabu vya hesabu na risiti za kila kitu, naye mahindi hununua kwa mkulima wa Ahero asiye na risiti wala hamu ya kuwa nayo. Kwa hiyo mwenye mhasibu huchagua njia iliyo nafuu, na asiye na mhasibu hutozwa ile ghali.

Hapa ndipo nilipoanza kuona namna nafuu zenu zinavyokaa. Zote ni za halali, zote ziko juu ya rafu, na rafu iko juu. Anayelipa mkopo wa nyumba ya kuishi hupunguziwa riba hadi shilingi 360,000 kwa mwaka kabla ya kutozwa. Anayepanga, kodi yake haimpunguzii chochote. Mwenye bima ya maisha hurudishiwa asilimia 15 ya malipo yake, hadi shilingi 60,000 kwa mwaka. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka huu ikaja na ile iliyonifanya nizime redio: marupurupu ya safari yasiyotozwa ushuru yakapanda kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000 kwa siku.

Nafahamu hoja. Elfu mbili ilikuwa kiwango cha zamani na hailazi mtu mahali popote pazuri, na kuna mwalimu anayesahihisha mitihani mbali na kwao ambaye atafaidika. Lakini barua za mwaliko wa semina huchapishwa kwangu. Nimechapisha zaidi ya moja iliyosema malazi na chakula vimegharamiwa, na chini yake karatasi ya kutia sahihi ya marupurupu. Siku tano Mombasa, shilingi 50,000 zisizoguswa. Msichana anayewaandalia meza kwenye hoteli hiyo, akilipwa 30,000 kwa mwezi, hukatwa 3,806, ambapo 1,800 ni akiba yake ya uzeeni na zilizobaki ni zenu. Kwa siku tano hizo mgeni amepata zaidi ya mshahara wake wa mwezi na hajachangia hata bei ya soda.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Mlipoondoa kikomo cha mchango wa NHIF, ile bima ya afya ya zamani, mlitenda haki, na wachache walisema hivyo kwa sauti. Zamani aliyelipwa laki moja na aliyelipwa milioni wote walichanga 1,700. Sasa kila mmoja ni asilimia 2.75, na mwenye milioni anatoa 27,500. Basi mnaweza. Wakati huo huo, mchango wa chini wa asiye na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa aulipe wa mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600, wakati mwenye mshahara wa milioni hukatwa mwezi kwa mwezi. Aliye na mapato yanayokuja kwa gorogoro, mkebe wa kupimia, anaambiwa alipe kwa gunia.

Mheshimiwa Waziri, wewe uliwahi kuwa mbunge wa Suba Kusini. Omena huhitaji kufafanuliwa. Unajua kwamba mama anayeuza kwa gorogoro hana kwenye vitabu vyako jina lolote isipokuwa “sekta isiyo rasmi”, na kwamba kila ripoti ikisema sekta hiyo ni ngumu kutoza, anayesoma huelewa kwamba haitozwi. Najua pia kwamba kuna madeni, kwamba pesa lazima zitoke mahali, na kwamba VAT na mafuta ndiko zinakopatikana haraka kwa sababu mnunuzi wa sabuni hana wakili. Sikuombeni mfute ushuru. Katiba yetu, ibara ya 201, inataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na mzigo haugawanywi bila kwanza kuupima nani amebeba ngapi.

Basi ombi langu kuu ni karatasi moja. Hazina huchapisha ripoti ya misamaha ya ushuru, na hilo ni jambo jema. Muswada wa Fedha ujao ukiletwa Bungeni Aprili, uje na jedwali la ukurasa mmoja: mwenye kipato cha elfu kumi na tano kwa mwezi, wa elfu thelathini, wa elfu sabini, wa laki mbili, wa milioni. Kila mmoja, ukijumlisha PAYE, VAT, mafuta, simu na tozo zote, ataacha ngapi katika kila shilingi mia, na kila nafuu mpya itamwangukia nani kati yao. Lifanyeni kwa Kiswahili pia. Nitalibandika ukutani hapa, karibu na bei za kuchapisha.

Mkikusanya maoni ya umma, njooni Kisumu siku ya Jumapili, ambayo ndiyo siku kubwa ya Kibuye, badala ya Jumanne asubuhi ndani ya ukumbi wa hoteli. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Karani wa Bunge la Taifa. Ile faini ya shilingi 2,000 tumeiombea msamaha, mimi na Nyar Uyoma. Nilimwandikia maelezo, akayasikiliza nikiyasoma, akaniambia nifute neno “kwa unyenyekevu”. Nimelifuta. Bado tunasubiri jibu.

Wenu,

Mwenye saiba, Kondele